Bunduki Aliyoisafisha Shemeji

"Mjane mcha Mungu kama wewe, bunduki ya nini?" jirani aliwahi kuniuliza. Nilimjibu kwamba ina kibali, na marehemu alinifundisha kuikagua kila Ijumaa nikishaswali alfajiri.

Ijumaa hii niliikuta tupu. Jana yake shemeji, mdogo wa marehemu, alikuja kunisafishia. Nikadhani kasahau, nikatia risasi mbili.

Saa nne asubuhi mtu nisiyemjua akavunja mlango wa jikoni. Panga lake lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya dukani kwenye mpini. Nikamwelekezea mtutu, nikamwambia arudi alikotoka.

Akacheka. "Piga basi, bi mkubwa. Hiyo haina kitu."

Akaja, panga juu. Nikapiga. Alikata roho nikimsomea dua.

Shemeji alifika kabla ya polisi. "Pole, shemeji yangu! Amekujeruhi?"

"Hakunigusa. Ila alijua kwamba bunduki uliyoisafisha haina kitu. Nani alimwambia?"

Alimtazama maiti, kisha akanitazama mimi. Akaenda mlangoni kuvaa viatu, kisigino kimoja kikagoma kuingia, akakikanyaga kiatu hivyo hivyo, akatoka.