Kofia Iliyovaliwa Mara Moja

Fundi Tabu, mshona kofia, aliigeuza kofia ya kike aliyoletewa na Yunis, akaupapasa ukanda wa ndani unaogusa paji la uso.

"Imeshonwa kwa mkono. Siku hizi wanagundisha. Ina miaka arobaini hii, mdogo wangu. Lakini ukanda hauna doa la jasho. Imevaliwa mara moja tu. Mwenyewe alikuwa bahili wa kujipamba?"

Yunis hakucheka.

"Ya nani?" fundi aliuliza.

"Ya marehemu jirani yetu."

Zamani, Yunis akiwa mwanafunzi, siku ya wazazi mama yake alipoingia shuleni na kofia hiyo kichwani, wanafunzi wenzake walicheka, wakauliza huyo ni nani. Yunis aliwajibu vivyo hivyo: jirani yetu.

"Basi wapelekee wanawe," fundi alisema, akimnyooshea kofia kwa mikono miwili.

Mikono ya Yunis ilibaki ndani ya kanga.