Hundi Kwenye Kitabu cha Nyimbo

Nilifungua kitabu cha nyimbo cha Roswitha, na hundi tatu za Forum zikaniangukia mapajani.

Zilikuwa mpya, kingo zake kali kama wembe. Hundi hizo benki hukupa ukipeleka marki za Magharibi, nawe ukanunue kwenye duka la Intershop, linalouza bidhaa za Magharibi. Marki zenyewe watu hutumiwa na jamaa zao wa huko, au hulipwa na polisi wa siri kwa kuwapelekea habari za wenzao. Roswitha alikuwa ametuambia mara nyingi, sisi wa kikundi cha maombi tunaokutana kwake, kwamba hana hata binamu ng'ambo ya ukuta, kule Magharibi.

"Dada, umeupata wimbo?" akaita kutoka jikoni.

"Bado natafuta."

Nilizirudisha haraka. Vidole vyangu vilibaki vinanukia sabuni ya duka lile.

Roswitha aliingia na birika. "Hii kahawa kweli ni ya kwetu?" mchungaji wetu akatania. "Ya kwetu huwa hainukii!"

Wote wakacheka. Roswitha alicheka pia, huku macho yake yako kwenye kitabu mikononi mwangu.

Ikafika zamu yangu ya kutaja ombi. Wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kuwaomba wamwombee mwanangu, aliyekuwa amepanga kutorokea Magharibi Jumamosi kupitia Hungaria.

Ee Bwana, nisamehe kama namdhania Roswitha vibaya.

"Niombeeni goti langu," nikasema.

"Goti tu?" Roswitha akauliza, akinimiminia kahawa hadi ukingoni mwa kikombe. "Na yule kijana wako, dada? Likizo hii anakwenda wapi?"