Nguzo Aliyoiegemea Binti Yangu

Nilimwona binti yangu, mjamzito wa miezi minane, ameegemea nguzo ya uzio wa umeme wa ng'ombe. Juu ya nguzo hiyohiyo, waya wa umeme ulikuwa umechomoka kwenye kishikizo chake na kuilalia.

Nyasi zilikuwa zimelowa umande, naye alikuwa peku.

Wenye mifugo, nisikilizeni. Siku ya kununua nguzo, mume wangu alitaka za chuma. Mimi niling'ang'ania za plastiki kwa sababu chuma hupitisha umeme. Akanicheka mbele ya mwenye duka.

"Mama watoto, hizo, ng'ombe si watazitafuna kama muwa!"

"Watafune. Bora wanangu wasiungue."

Uzio wa ng'ombe ukapata za plastiki; za chuma akazisimika kwenye uzio wa umeme wa mbuzi.

Sasa nilikuwa nakimbia, huku nikipiga kelele: "Usiguse waya! Shusha mkono, taratibu!"

Kiganja chake juu ya nguzo kilikuwa kimelowa, vidole vimetulia kama vya mtu aliyeshika kikombe. Kutoka hapo hadi kwenye waya hapakufika shubiri.

"Mama, nini tena? Napumzika tu, huyu mtoto ananipiga mateke."

Akashusha mkono, akarudi nyuma. Mzima. Nikakaa palepale kwenye umande, nikacheka kama mwehu.

Mume wangu alitoka zizini mbio. Aliutazama waya, akaitazama nguzo, kisha akamtazama binti yetu. Akaenda kuzima mashine inayotia umeme kwenye uzio.

Aliporudi alikuwa na sururu begani.

"Zile za chuma kule kwa mbuzi," alisema, "naziong'oa leo."