Jua la Kilomita Ishirini

Fundi umeme alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. Mume wa dada yake alikuwa ameleta karakanani vani kuukuu ya umeme, kaing'oa viti vyote, kaweka kitanda, na juu ya paa kapanga paneli za sola kama bati za banda la kuku.

"Hili gari linakula umeme kama mchwa walioona mbao, shemeji. Ulianike kutwa nzima, jua litakupa nini? Kilomita ishirini. Kobe atakupita huku anatafuna majani."

"Ishirini zinatosha," alijibu shemeji yake, akimpa waya.

Fundi aliguna. Shemeji kaona video mbili za watu wanakunywa kahawa ndani ya vani, basi naye msafiri. Ukimwiga tembo kunya, utapasuka msamba.

Akaingia ndani kufunga soketi. Friji ndogo, feni, kitanda kimoja chembamba chenye kizuizi ubavuni.

"Na dada yangu utamlaza wapi? Juu ya boneti?"

"Yeye atabaki nyumbani."

Bisibisi ikasimama. Kumbe ndiyo hivyo. Mtu anamtoroka mkewe, na anataka shemeji mtu amwashie taa za kutorokea.

Simu ya fundi ikaita: dada. Akaiacha ilie mpaka ikachoka, kama kawaida. Dada hakosi la kulalamika, na yeye hakosi kazi.

"Sikiliza," akasema, akikaza skrubu kwa hasira. "Mwanamume mzima hawakimbii watu wake. Damu haitupwi kama betri iliyokufa. Huna haya?"

"Hayo maneno ni kweli kabisa, shemeji," mwenzake alisema kwa upole. "Soketi nyingine iweke hapa kichwani. Kuna mashine ya kupumulia."

Anakoroma mpaka anahitaji mashine, fundi aliwaza, na bado anajiona kijana.

Alipomaliza, akafuta mikono. "Feni, friji na hiyo mashine yako vitafanya kazi usiku na mchana. Lakini safari, sahau. Kwa jua la siku moja, ukitoka kwenu utaishia getini kwangu."

"Basi waambie nyumbani wasilifunge geti kesho," alisema shemeji yake, akikaa kwenye usukani. "Mama yako amesema, kama hupati nafasi ya kwenda kumwona, atakuja na kitanda chake."