Maganda ya Ng'ambo ya Korongo

Mwaka ambao jua liliunguza nyasi zote, Mbuzi hakubabaika. Ng'ambo ya korongo aliujua mgunga uliodondosha maganda yaliyojaa mbegu, chakula kilichomnenepesha na kumjaza maziwa. Alichoogopa ni kugawana tu.

"Dada Kondoo," alimwonya jirani yake aliyebaki mifupa, huku mtoto wake Mbuzi mwenyewe akisikiliza, "maganda ya mgunga usiyaguse. Ni sumu kali."

"Ahsante, dada. Mungu akulipe."

Mwanawe alipoacha kunyonya, Mbuzi akampeleka mgungani. Mtoto akarudi nyuma.

"Kula, mwanangu. Tazama, mimi nayala."

"Ulimwambia mama mdogo Kondoo kwamba ni sumu. Sili mpaka nimwone yeye akila."

Mbuzi akabembeleza, akafoka, akapiga kwato chini. Mtoto akafumba mdomo, akazidi kukonda. Mwishowe Mbuzi akavuka korongo mbio, maganda mdomoni, akayatua mbele ya Kondoo na kupiga magoti.

"Nilikudanganya. Kula, dada yangu, nakusihi!"

Kondoo akanusa, akaonja, akatafuna taratibu.

"Matamu," alisema. "Mengine yako wapi?"

Mbuzi akatangulia kumwonyesha njia, akimwomba aongeze mwendo.