Bolti ya Tatu

Bolti ya tatu ya bawa la kushoto la ndege iliingia nusu, ikagoma. Kaka akachukua nyundo.

"Kitabu cha maelekezo kinasema iingie kwa kusukumwa na dole gumba," nilisema. Ncha ya bawa ilikuwa imenilalia begani.

"Fundi wa sketi, wewe inua bawa. Mambo ya vyuma niachie mimi."

Aligonga mara tatu, ikazama. Akashuka kwenye stuli akijifuta jasho, uso ukimng'aa kama bwana harusi. Kwa miaka minne alikuwa akiiunda ndege hii kwenye gereji yetu, na Jumamosi angeirusha mwenyewe.

Tulilaza ncha ya bawa juu ya ngazi, nikasogea kutazama. Kando ya tundu la bolti, kwenye kipande cha alumini kinachoshikilia bawa, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha. Ukanasa.

"Kaka, pamepasuka."

"Mkwaruzo tu huo."

"Ukucha unanasa."

Aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Nilimwona akiuona.

"Watu nimeshawaalika," alisema polepole. "Mama nimeshamwambia. Kuagiza kipande kingine ni mwaka mzima, bwana mdogo. Bawa litashika tu."

Yeye ndiye aliyenilea, na sijawahi kumshinda kwa maneno.

Kitambaa kilichofunika bawa lile nilikishona mimi, kwa mkono, miezi mitano, na bila hicho ndege hairuki. Nilitoa mkasi mfukoni, nikauchomeka kwenye ncha, nikaanza kukata nikitembea kuelekea kwake.