Kila Mtu na Faili Lake

Askari alikosea neno la siri mara ya tatu, na kompyuta ikajifunga.

Abigaïl aliinamisha kichwa ili furaha isionekane usoni. Ndivyo alivyoipanga: makosa matatu, haifunguki hadi kesho. Kwa miezi minne, katika taasisi yao hapo Butembo, alikuwa amesomea jambo moja tu, nani aruhusiwe kufungua nini. Wenzake walimtania kwamba anasomea uzamu, kazi ya mlinzi wa mlangoni.

Ndani ya mashine mlikuwa na maneno ya watu kumi na mmoja. Waliwaona kwa macho yao wanajeshi waliowakamata vijana wa Bungulu, kule Beni, kabla hawajakimbilia huku. Kamati ya parokia ilitaka ushuhuda wao ufichwe bila karatasi, kwani karatasi hukamatwa. Wa saba alikuwa Edmond, kaka yake Abigaïl. Majina yakijulikana, hakuna atakayeiona Pasaka.

Kwa hiyo Abigaïl aliyafanya maneno hayo kuwa kazi yake ya vitendo, bila kumwambia mtu yaliyomo. Kila shahidi alipata neno lake la siri na haki ya kusoma faili lake tu. Mwalimu Melchior alimpa kumi na nane juu ya ishirini. Mbili alizikata kwa sababu orodha ya majina ya watumiaji, iliyobandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo wa nje, haikuwa na avenue za watu, yaani mitaa wanakoishi. Shule ile kila kitu lazima kibandikwe valve, kiwe kamili, kiwe na muhuri. Abigaïl aliiandika upya na kuibandika siku hiyohiyo, maana alama mbili zilimuuma.

Komanda wa askari hakuwa ameigusa kompyuta. Tangu waingie alikuwa amesimama mlangoni, akitazama nje.

"Fungula weye," alisema bila kugeuka.

"Siwezi, Commandant. Kila mutu anafungula fichier yake tu."

"Hata weye mwenye ulitengeneza?"

"Hata miye. Ni vile cours ya mwalimu inasema."

Ulikuwa ukweli mtupu, na alijisikia mjanja kuusema. Wangeweza kumpiga hadi jioni, wasipate hata jina moja.

Komanda aligeuka. "Donc mwenye iko na ruhusa ya kufungula, ni ule mwenye alisema maneno ya ndani?"

"Ni yeye tu, Commandant."

Komanda aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelewa somo. Askari mmoja aliuliza kama waibebe mashine. Komanda akasema waiache, nzito bure.

"Soma tu, dada," alimwambia Abigaïl. "Masomo ni muzuri."

Walitoka. Jeep ilinguruma, ikashika njia ya Rughenda. Abigaïl alikaa akilia na kucheka kwa pamoja, akiwataja mashahidi mmoja mmoja moyoni, Edmond wa kwanza. Hakuwa amewahi kulipenda somo kama alivyolipenda asubuhi hiyo. Kisha akajifuta uso, akaenda kumweleza Melchior kwamba ulinzi umefanya kazi.

Nje, kwenye valve, ratiba ya mitihani ilikuwepo. Tangazo la kwaya lilikuwepo. Katikati yao, palipokuwa na orodha ya watumiaji, zilibaki pini nne na pembe moja ya karatasi, yenye nusu ya muhuri.